Sanduku la Shaza

Nikisema mjukuu wangu ni injinia, watu huniuliza ni barabara gani anayoijenga. Nikisema ni injinia wa kilimo, hutazamana, halafu mmoja akauliza kwani jembe nalo lataka injinia. Zamani nilikuwa nikieleza. Nilieleza pampu, nikaeleza mifereji, nikaeleza mashine za kukamua na kukoboa, mpaka chai inapoa mkononi. Siku hizi nawaambia tu, twende Mwakirunge ukaonje achari.

Huyu mjukuu jina lake ni Shaza, na nimemlea mimi. Mamake yuko Maskati kwa kazi tangu mtoto hajaota magego. Twakaa pamoja Kisauni, nyumba ile ile aliyozaliwa mamake, na kila asubuhi namwona akitoka na ushungi wake umepigwa pini vizuri, chini amevaa mabuti kama ya askari, na begani amebeba mpira mrefu unaoonyesha ndani. Siku ya kwanza kuuona, alipokuja likizo kutoka Nairobi, nilimuuliza mpira ule wa kazi gani.

"Wa kupimia usawa, nyanya. Nautia maji. Maji yakisimama huku na kule, najua guu lipi la meza ni fupi."

"Na meza ya nani unayoipima?"

"Ndiyo bado sijapewa," akasema, akacheka, lakini kicheko kile kilikuwa chembamba.

Kweli alikuwa hajapewa. Lile shirika lake hutengenezea wakulima mashine, na tangu aajiriwe walimweka Nairobi, mezani, achore vitu vilivyokwisha kufikiriwa na wengine. Akaomba, akaomba tena, mpaka mkubwa wake, mama mmoja mkali aitwaye Pascalia, akamwambia: Haya, rudi kwenu pwani, nenda ukatengeneze mashine moja tu, ya kikundi kimoja, uichore wewe mwenyewe toka mwanzo. Msimu wa maembe ukifika katikati nitakuja kuitazama. Ikiwa inafanya kazi, nakuacha huko huko uwatengenezee na wengine. Ikiwa haifanyi, tunaing'oa na wewe unarudi mezani.

Basi Shaza alikuja kwangu na maneno hayo, akakaa kitandani pangu kama alivyokuwa akikaa akiwa mdogo, akaniuliza, "Nyanya, ni kitu gani hapa kwetu kinaharibika kila mwaka na watu wamezoea tu?"

Sikuhitaji kufikiri. Nikamwambia, achari ya Mwanarehema.

Mwanarehema ni shoga yangu. Tulicheza pamoja, tukaingia darasani pamoja na tukatolewa pamoja, yeye akaolewa Mwakirunge. Pale ana kikundi cha kina mama. Maembe yakiiva hununua yale magumu yasiyolegea, wakayakata vijipande, wakayatia chumvi, manjano na pilipili, wakayaanika juani juu ya mikeka. Achari yao ni tamu, hilo halina ubishi. Ila Mwakirunge upande huu kuna machimbo ya mawe, upande ule kuna jaa la taka. Vumbi latoka huku, nzi watoka kule, wote wanakutana juu ya mkeka wa Mwanarehema. Wenye maduka walikuwa wakimwambia, bibi, achari yako nzuri lakini inalia menoni. Na mvua ya ghafla ikija, hapo ni kukimbizana na mikeka, na nusu ya kazi imekwisha kuloa.

Shaza alikwenda akakaa nao siku nzima akitazama. Aliporudi alianza kuchora.

*

Kitu alichokichora jina lake la vitabuni ni kikaushio, lakini sisi sote twakiita sanduku. Ni sanduku la mbao kweli, refu kama kitanda cha mtoto, limesimama juu ya miguu ya chuma usawa wa kiuno. Tumboni mna bati lililopakwa rangi nyeusi tititi. Juu kuna kioo kilicholala mteremko. Katikati mnaingia treya za wavu, ndipo vipande vya maembe vinapopangwa. Chini mbele lina tundu la hewa lililozibwa kwa chandarua, nzi asipite, na juu nyuma limetoka bomba kama dohani ya tanuri.

"Jua lapita kiooni, linalipiga bati," Shaza aliwaeleza kina mama. "Bati likishika moto, hewa iliyo ndani yapata moto, yapanda, yapita katikati ya maembe, yanyonya maji yake na kutoka nayo kwa juu. Kisha hewa nyingine kavu yaingia kwa chini. Hivyo hivyo kutwa. Lisimame jua, hewa itembee. Sina siri nyingine."

"Wala moto wa kuni?" akauliza Mwanarehema.

"Wala moto."

"Wala stima?"

"Wala stima."

"Basi huyu jini yuko humo ndani anafanya kazi bure," Mwanarehema akasema, na kina mama wakaangua kicheko.

Aliyelichomelea ni fundi mmoja wa Ziwa la Ng'ombe, Jacktone, kijana wa kutoka bara, mrefu, mpole, mwenye Kiswahili chake mwenyewe. Alipomaliza kulipachika bomba alijifuta jasho akasema, "Shosho, hii kitu iko fiti kabisa."

"Mimi si shosho, mimi ni Bi Mwanarehema," akajibiwa. "Na kitu hakiwi 'iko'. Umekula kwangu wali wa nazi mara ngapi na bado wasema hivyo?"

"Nitaongea poa nikipewa sahani ingine, Bi Mwanarehema."

Akapewa. Tangu siku hiyo wawili hawa hawakuacha kutaniana.

Maembe ya kwanza yalitoka vizuri mpaka tukashangaa. Yalikuwa makavu ila laini ukiyabana, rangi yake kama dhahabu iliyochovywa pilipili, na ukitafuna husikii hata chembe ya mchanga. Mwanarehema alitembeza sahani barazani kama ya harusi. Watu wanaopita njiani, wa machimbo na wa jaa, walikuwa wakisimama kutazama. Sanduku liko mbele ya nyumba, upande wa jua la asubuhi, na njia ipo pale pale. Kioo kikipigwa na jua kilimeta, ukakiona toka mbali. Shaza alirudi nyumbani siku hiyo akiimba bafuni.

Maembe ya pili yakaota ukungu.

*

Yalikuwa na utando mweupe, kama unga, na ukiyanusa yanakutupa nyuma. Shaza alisema huenda yalikatwa manene. Yakakatwa mengine membamba. Yakaota ukungu vile vile. Akasema huenda ni chumvi. Chumvi ikaongezwa, na bado. Mwanarehema alimwaga treya nzima kwa mbuzi, na mbuzi wenyewe wakanusa wakaenda zao.

Hapo Shaza alianza kukonda. Alishuku bomba. Akamwita Jacktone, wakaling'oa, wakalichomelea upya refu zaidi. Akashuku mbao zimeachana. Wakaziba kila ufa. Akatoa ule mpira wake akaipima miguu yote, ikawa sawasawa. Jacktone alivumilia, lakini siku alipoambiwa aling'oe bomba tena, aliweka nyundo chini.

"Injinia, mimi hii bomba naijua kuliko ndugu yangu. Haina shida. Shida iko mahali ingine."

"Mahali gani?"

"Wewe ndiye injinia!"

"Basi ling'oe."

Akaling'oa, akinung'unika kwa lugha ya kwao.

Ndani ya sanduku Shaza aliweka kijidude cha kupima joto chenye kukumbuka. Ukikitoa, kinakuonyesha kwenye simu joto lilivyopanda na kushuka siku nzima. Jioni alikaa nami uani na simu yake, uso umejikunja.

"Nyanya, hebu tazama. Asubuhi lapanda vizuri. Halafu watu wakianza kutembea, linaanguka, pu, kama mtu aliyezima jiko. Na mawingu hakuna. Siku hiyo ilikuwa jua kali, hata wewe ulisema."

"Nilisema."

"Na siku ninazokwenda mwenyewe, halianguki. Lapanda, lakaa juu mpaka jioni. Nikiwapo linafanya kazi. Nikiondoka linagoma."

"Huenda linakupenda," nikamwambia.

Hakucheka. Alisema Madam Pascalia ameshatuma habari, atafika Alhamisi. Kisha akainama akaanza kuyatoa matope kwenye mabuti yake kwa kijiti, taratibu, kama mtu anayeyasafisha ayaweke kabatini. Nikaona uchungu. Mtoto huyu Nairobi alikuwa akinipigia simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa aliniuliza kama mkunguma ulio nyuma ya nyumba umezaa. Mti gani huo wa kuulizwa kila wiki? Alikuwa akiulizia nyumbani.

*

Jumatatu nilikwenda kumwona Mwanarehema. Mguu wake ulikuwa umeteguka wiki kadhaa nyuma, na kumuuliza hali kwa simu tu ni aibu kwa watu tuliokua pamoja. Nilichukua tuktuk mpaka mlangoni. Nilimkuta amekaa barazani, mguu umefungwa kitambaa chenye mafuta ya karafuu, mbele yake beseni la maembe.

"Ndoo, shoga, ndoo ukae! Umekumbuka kwamba niko hai?"

Tukaamkiana, tukaulizana wazima na wagonjwa, nikaletewa chai. Sanduku lilikuwa pale pale mahali pake, na juu yake limetandikwa leso nzuri, mpya, nyekundu yenye pindo nyeupe, imefunika kioo chote mpaka ncha zinaning'inia. Nikamwambia Mwanarehema, leso hiyo mbona nzuri hivyo? Akasema alinunua doti mbili, moja ya kuvaa, moja ya sanduku. Nikamwambia umefanya vyema. Tukaendelea na mazungumzo ya mguu.

Nilirudi nyumbani adhuhuri. Shaza alikuja kula, jambo lisilo la kawaida, nikajua hana pa kwenda. Nilikuwa nimepika samaki wa kupaka. Nikamwekea, nikawa namtafutia maneno ya kumfurahisha. Nikamwambia:

"Usione watu hawathamini kazi yako. Leo nimetoka kwa Mwanarehema. Analitunza lile sanduku lako kama bi harusi. Hata leso amelivika."

Mkono wake ukasimama njiani, tonge halijafika.

"Amelivika wapi?"

"Juu. Kwenye kioo. Leso mpya kabisa, si kuukuu."

"Nyanya. Lilikuwa na maembe ndani?"

"Limejaa."

"Na jua lilikuwa linawaka?"

"La kukausha mgongo wa ng'ombe."

Akalirudisha tonge sahanini. Akaweka paji la uso mezani, mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, nikainuka nimshike. Kumbe anacheka. Kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena, mpaka paka akatoka jikoni.

"Bomba nimeling'oa! Jacktone nusura anipige nyundo! Chumvi nimebadilisha! Na wao wamelifunika! Nyanya, ni kama kufunika jua. Hewa inasimama, maembe yanatoka jasho, jasho halina pa kwenda. Afadhali hata yale ya mkekani." Akajifuta macho. "Lakini mimi nikienda siioni hiyo leso."

"Ukienda wewe anaiondoa."

"Kwa nini?"

"Mgeni akifika si unafunua kawa? Huwezi kumpokea mtu chakula kimefunikwa. Wewe ndiye mwenye kitu, akuonyeshe kimefunikwa?"

"Na mbona hakuniambia? Nimewauliza wote, mmefanya nini tofauti, wakasema hakuna. Wameapa!"

"Mwanangu," nikamwambia, "wewe leo ulipotoka uliniambia umefunga mlango?"

Akautazama mlango.

Nikamweleza basi kwa nini, kwani nilijua bila kuulizwa. Yale maembe ya kwanza yalipotoka mazuri, watu walisimama njiani wakasifu. Mwanamke mmoja mpita njia alisema, loo, sanduku zuri hili, litawatajirisha, na hakusema mashaallah. Jioni ile ile Mwanarehema akatoka kibarazani akateguka mguu. Sasa kitu kizuri kama kile, kinameta barabarani, kila jicho linakipitia, wewe ukiache wazi? Hata mimi ningelifunika. Ndiyo maana nilipoiona ile leso sikuona kitu. Niliona tu mtu mwenye adabu ya vitu.

Shaza akashika simu. "Nampigia sasa hivi nimwambie asiguse tena."

"Piga," nikasema. "Atakwambia, naam mwanangu, na ataitoa, wallahi ataitoa. Kisha kesho litapita lori, dereva atachungulia, na moyo wa Mwanarehema utamwenda mbio. Ataitandika tena, tena kwa kukupenda. Alhamisi bibi mkubwa wako atakuta ukungu."

Aliiweka simu chini. Akaendelea kula. Niliona anachambua mwiba wa samaki huku macho yako mbali, kama alivyokuwa akifanya hesabu za shule. Mwisho akauliza, na sauti yake si ya mjukuu tena, ni ya kazi:

"Jicho analoliogopa latoka wapi? Kwa majirani au njiani?"

"Njiani. Majirani ni wa kikundi."

"Mtu aliyesimama, au hata aliye ndani ya lori?"

"Anayetembea. Wa lori anapita mbio, ila naye akitaka ataona."

"Na kukiwa na kizuizi katikati, cha ukuti tuseme, jicho lapita?"

"Jicho halipiti kwenye kisichoonekana."

Akachukua kalamu, akaanza kuchora nyuma ya bahasha ya bili ya stima. Nikamtazama vile alivyoinama. Alikuwa ananiuliza habari za jicho kama anavyouliza habari za maji kwa wakulima: yatoka upande gani, yafika kimo gani, yazuiwe wapi. Sikuwahi kumwona mtu akilifanyia hivyo jicho. Nilimwongeza mchuzi.

*

Jumanne asubuhi tulikwenda watatu, yeye, mimi na Jacktone, nyuma ya gari kuna makuti na fito. Jacktone alikuwa ameambiwa habari yote njiani, na kila tulipopita shimo alikuwa akirudia, "Leso! Nimechomelea bomba ya watu, kumbe ni leso!"

Tulifika bila kutoa habari. Sanduku lilikuwa limefunikwa. Mwanarehema alipomwona Shaza aliinuka na mguu wake ule ule kwenda kuifunua. Shaza akamshika mkono.

"Shikamoo, bibi. Iache kwanza. Leso nzuri."

"Marahaba, mwanangu. Nzuri, eeh? Nimelinunulia lenyewe."

"Bibi, unalifunika kwa ajili ya macho ya watu?"

Mwanarehema alinitazama mimi, akamtazama Jacktone, akajikohoza. "Nyinyi mmesoma. Mtanicheka."

"Sicheki."

"Basi ndiyo. Kitu kizuri kama hiki kikae uchi njiani? Hata wewe ulipozaliwa, nyanyako hapa shahidi, ulikuwa mnene mweupe mpaka watu wanasimama. Tulikupaka masizi hapa, kwenye paji la uso, alama kubwa, ndipo ukaletwa nje."

"Kwa hiyo mtoto hamkumfunika gubigubi. Mlimpaka masizi mkamtoa nje apate hewa."

"Si angekufa kwa joto!"

"Naam," Shaza akasema. "Na maembe yale yanakufa hivyo hivyo humo ndani. Yanatoka jasho na hayana pa kupumulia. Ule ukungu ndio huo."

Mwanarehema aliiangalia leso. Niliona neno linamwingia, pole pole, na nilimwonea huruma, maana alilitunza sanduku kwa moyo wake wote. Akaitoa kiooni, akaikumbatia.

"Mimi ndiye niliyeyaozesha?"

"Hapana," Shaza akasema haraka. "Mimi ndiye niliyechora sanduku nikaliweka njiani bila kizuizi. Nilikaa hapa siku nzima natazama maembe tu. Lilikuwa na upungufu. Leo nimekuja kulimalizia."

Akachomeka ufito mmoja ardhini, akangoja, akatia alama pale kivuli kinapofika. Akauchomeka tena mbele, akaangalia tena. Alikuwa akitafuta mahali ambapo ukuta wa makuti utasimama kimo cha mtu mrefu, umzuie mpita njia, lakini kivuli chake kisilifikie sanduku jua likishakuwa kali. Kivuli cha alfajiri alisema hakina neno, jua lenyewe bado halijachemka. Kisha makuti yakaegemezwa kwenye fito, na Jacktone akasimamishwa njiani kama mpita njia mwenye husuda.

"Chuchumaa. Simama. Nyosha shingo. Waona kioo?"

"Naona kichwa ya Bi Mwanarehema pekee."

"Nacho usikisifu," Mwanarehema akamtupia, na hapo nikajua amepona.

Wakaufunga ukuta. Ulitoka mzuri, makuti mabichi yamesukwa kwa mpango, na pembeni Shaza aliacha uwazi ili upepo wa kusini ulifikie tundu la hewa. Kumbe na vumbi la malori nalo lilikuwa linakwama pale. Ilipofika adhuhuri tayari ukuti ulikuwa umeanza kuwa mweupe kwa nje, na kioo kilikuwa safi. Shaza alikipitishia kidole akakiangalia, akatikisa kichwa. Hilo hakuwa amelipigia hesabu.

Lakini Mwanarehema bado alikuwa amesimama na leso yake kifuani.

"Ukuta nimeuona. Lakini mtu akija ndani? Huyo mkubwa wako Alhamisi, akija akasifu?"

Shaza akafungua kioo, akamwonyesha tumboni. "Bibi, tazama bati hili. Rangi gani?"

"Nyeusi."

"Nyeusi tititi. Nimelipaka tumbo zima. Mtoto gani aliyepakwa masizi mengi kuliko huyu?"

Mwanarehema alilitazama bati, akamtazama Shaza, akacheka mpaka akakaa chini na mguu wake. Lakini hakuridhika kabisa. Alikwenda jikoni, akarudi na kidole kimechovya masizi ya sufuria, akalipiga sanduku alama pembeni, kwenye mbao, mahali pasipodhuru kitu. Shaza alingoja mpaka amalize. Kisha akasema, "Sasa tukate maembe."

*

Alhamisi Madam Pascalia alifika na gari la shirika. Mwanamke wa makamo, mnene kidogo, viatu vya kufunga, si wa maneno mengi. Shaza alikuwa amevaa ushungi wake wa Idi, mikono ameificha nyuma. Niliona vidole vinatekenyana.

Bibi yule aliligusa bomba, akainama kwenye tundu la hewa, akasoma joto kwenye simu ya Shaza kwa muda mrefu. Mstari ulikuwa umepanda na kukaa juu, jana kutwa, na juzi toka adhuhuri. Akafungua kioo mwenyewe, akachukua kipande cha embe, akakibana, akakinusa, akakitia mdomoni.

Tukangoja. Akaanza kukohoa. Macho yakamtoka machozi.

"Pilipili!" akasema.

"Ndiyo achari, mama," Mwanarehema akamwambia, akimpa maji. "Huku hatuli embe za wagonjwa."

Akanywa, akachukua kipande kingine. Kisha cha tatu. Kisha akageuka akautazama ukuta wa makuti.

"Huu haukuwa kwenye mchoro ulionitumia. Ni wa nini?"

"Wa kuzuia vumbi la machimbo," Shaza akasema. Angeweza kuishia hapo, na jibu lilikuwa la kweli. Lakini aliendelea. "Na macho ya watu. Kina mama hawakuwa na amani kitu kikimeta njiani, wakawa wanakifunika, na ndipo maembe yalipokuwa yakiharibika. Mwanzo nilishindwa kuliona hilo. Kosa lilikuwa la mchoro wangu."

Mwanarehema alinishika goti.

Madam Pascalia alitafuna mpaka akamaliza. "Kwetu Busia," akasema, "mama yangu kuku wake akitotoa, hakubali mtu avihesabu vifaranga. Ukivihesabu, mwewe anavimaliza." Akajifuta vidole. "Mara mbili nimepeleka mashine vijijini nikarudi nikazikuta zimefunikwa na magunia. Nikaandika kwamba watu hawataki. Sikuuliza." Akaugonga ukuti kwa kifundo cha kidole. "Uingize ukuta kwenye mchoro. Vipimo vyake na kivuli chake. Linalofuata utalijenga Likoni, na lingine Changamwe. Meza yako ya Nairobi nitampa mtu mwingine."

"Kumbe na nyinyi bara mwajua mambo!" Mwanarehema akapaza sauti, na kina mama wakapiga kigelegele kilichowatoa kuku mbio. Jacktone, aliyekuwa amejifanya anaangalia miguu ya sanduku, alipiga bomba kofi kama unavyompiga rafiki mgongoni.

Shaza alikuwa anatabasamu tu, meno yote nje, kama siku aliyojua kuendesha baiskeli.

Wakati mgeni akifungiwa achari ya safari, lori la mawe lilipita kwa kishindo. Mkono wa Mwanarehema ulikwenda wenyewe kwenye leso iliyokuwa begani. Akaushika upindo. Akautazama ukuta, vumbi likipanda nyuma yake na kukaa huko huko. Akaiachia leso, akajitanda vizuri, akaendelea kufunga pakiti.

Mimi meno ya kula achari sina tena. Kipande changu nilikinyonya taratibu mpaka chumvi ikaisha, nikitazama watu walivyomzunguka mjukuu wangu wakimsifu, huyu akimshika mkono, yule akisema mtoto huyu ana akili, na huyo Madam wao akisema ana bahati kumpata. Wote walikuwa wakisema kwa wema. Lakini walikuwa wengi.

Nikapita jikoni kwa Mwanarehema kidogo. Kisha nikamwita.

"Shaza."

"Abee, nyanya."

"Njoo nikuweke sawa ushungi, umekwenda upande."

Akainama mbele yangu, mrefu na mabuti yake. Ushungi haukuwa umekwenda upande. Nilimpaka masizi kidogo nyuma ya sikio, pasipoonekana na mtu, nikashusha kitambaa juu yake. Alihisi kidole, najua alihisi. Akabaki ameinama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akaniambia pole pole, "Yasiwe mengi, nyanya, nipate hewa."

Kisha akainuka akarudi kwa wageni wake.